Injini ya Mtumba kwenye Mlima wa Sachangwan

Mama mwenyekiti wa kamati ya zahanati alikuja gereji kwetu hapa Nakuru akiwa amevaa kofia ya sufu na gambuti, akalizunguka gari mara moja, akalipiga teke gurudumu moja kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha akasema neno lake bila kupandisha sauti.

"Likisimama tena kwenye ule mlima na mgonjwa ndani, tunaliuza. Mnunuzi nishampata. Anataka la kubebea viazi."

Gari lenyewe lilikuwa van nyeupe ya zahanati ya kanisa, huko juu kupita Molo, mahali ambapo asubuhi ukifungua mdomo moshi unatoka kama umekula jiko. Mgonjwa akizidi uwezo wa zahanati, ndilo lililomteremsha Nakuru. Akipona, ndilo lililomrudisha. Hawakuwa na jingine. Likienda kubeba viazi, mama mwenye uchungu atashuka kwa bodaboda kwenye matope, na hilo mwenyekiti alilijua kunishinda. Ndiyo sababu alikuwa na hasira nalo.

"Gari la kuaminika nusu ni baya kuliko kukosa gari," aliniambia. "Ukikosa, unatafuta jirani mapema. Hili linakufanya ukae ukitegemea."

Mimi ndiye niliyekuwa nimekabidhiwa kulifanya liaminike.

Injini yake ya kwanza ilikuwa imepasuka, na badala yake tukapata ya mtumba kutoka Nairobi: kubwa zaidi, ya dizeli, yenye turbo ya kuisukumia hewa, pamoja na kompyuta yake na nyaya zake zilizoviringwa kama utumbo wa mbuzi. Kuifunga injini ngeni ndani ya gari ni kazi ya misuli, na wenzangu gereji waliimaliza huku wakila miwa. Kuifanya ikubali kwamba sasa inaishi humo ndiyo iliyoachiwa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma umeme wa magari katika masomo ya usiku. Nilisoma mpaka popo wote wa mji huu wakanijua. Nilipofuzu, mama yangu alikitundika cheti changu juu ya picha ya harusi yake, na wenzangu wakaanza kuniita Profesa, kwa sauti ile ambayo mtu humwitia kondakta aliyekataa kumpa chenji.

Kazi ile ni kama kumpokea bibi harusi kutoka ukoo wa mbali. Kila anachojua ni cha kwao. Kompyuta ile ilijua gari jingine, zito kuliko letu, lenye giaboksi nyingine na magurudumu mengine. Ukikanyaga mafuta, inakupa kipimo cha kule ilikotoka. Basi nilikaa na laptop mapajani nikiifundisha pole pole: pedali yetu inaanzia hapa, giaboksi yetu ni ya mkono, mafuta haya yanatosha. Nilikaa nayo muda mrefu hivi kwamba kuku wa jirani walianza kutagia kwenye kisanduku changu cha spana. Hatimaye injini ikatulia, ikinguruma kama paka aliyeshiba. Tulilipeleka mpaka Gilgil na kurudi, na lilikimbia hadi nguzo za stima zikaonekana kama meno ya kitana.

Tukalirudisha zahanati. Halikumaliza juma.

Aliyenipigia simu alikuwa mzee dereva, mtu aliyeendesha malori ya masafa kabla ya kupewa van ile, mpole, mwenye kofia ya kahawia aliyoivua tu kwa ajili ya kusali.

"Kijana, hii kitu imelala hapa Sachangwan."

"Imezima?"

"Haijazima. Inanguruma tu, lakini nguvu hakuna. Punda amenipita sasa hivi."

"Punda, mzee?"

"Na alikuwa na mzigo."

Kilichofuata ndicho kilichonitia wazimu. Mzee alizima injini, akavua kofia, akaomba, akawasha tena, na gari likapanda sehemu iliyobaki kama halijawahi kuugua. Akanipigia kunieleza hivyo, kwa heshima, kama mtu anayemweleza daktari kwamba amepona kwa mitishamba.

Ikawa hivyo tena, na tena. Nesi akiwa anamrudisha mgonjwa aliyetoka hospitalini na akimhimiza mzee asisimame popote, gari linalegea mlimani. Siku za kawaida, mzee akienda kwa utaratibu wake, linapanda. Na utaratibu wake ulikuwa huu: pale mlima unapoanza kukaza, anaegesha pembeni, anazima injini, anavua kofia, anaomba. Katikati ya mlima, kwenye nafasi fulani pana, anafanya hivyo tena, kwa ajili ya wote waliopoteza maisha kwenye barabara ile. Kwa nini lazima azime? "Huwezi kumwita Mungu huku unampigia kelele," alisema.

Nilipanda naye kulijaribu zaidi ya mara moja, na kila mara tulisimama, tukazima, tukainamisha vichwa. Gari halikufanya kosa lolote. Nami niliinamisha kichwa. Safari ya mwisho niliiombea hata laptop. Ningewezaje kumwambia mzee asiombe ili nione kama gari litakufa? Huku kwetu hakuna fundi wa kusema maneno hayo na kesho yake akapata mteja. Habari ikaenea zahanati nzima kwamba gari lile halipandi bila maombi, na mimi mwenye diploma sikuwa na hoja ya kupinga. Kumbukumbu za kompyuta zilisema tu kwamba turbo haitoi upepo wa kutosha. Tukabadilisha mipira yote ya hewa. Tukafungua turbo, tukaikagua. Ilikuwa nzima kuliko mimi.

Hapo ndipo mwenyekiti alipokuja na gambuti zake.

Siku ile alikuwa ameteremka kumchukua shosho mmoja, bibi kizee aliyetoka hospitalini baada ya kupasuliwa tumbo. Tukamlaza nyuma kwenye kitanda cha van, na mablanketi mawili. Mwenyekiti akakaa mbele, karibu na mzee. Mimi nikaketi nyuma kando ya shosho, waya wa laptop yangu ukipita katikati ya viti mpaka chini ya dashibodi. Ilikuwa alasiri, na upande wa Molo mawingu yalikuwa yamekaa chini kabisa.

"Yule mtu wa viazi nimemwambia anisubiri zahanati jioni hii," mwenyekiti alisema tulipotoka mjini. "Tukifika vizuri, atarudi na pesa zake. Tukisimama, atarudi na gari."

Mzee alishika usukani kwa mikono miwili, kama trei ya mayai.

Tulipita Salgaa. Pale mlima unapoanza kukaza, akaweka indiketa ya kushoto.

"Unaenda wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Kuomba kidogo, mama."

"Omba ukiendesha. Shosho anahitaji kufika kabla ya baridi."

"Macho wazi, mama? Mungu atanionaje?"

"Mungu ameuona huo mlima. Atakuelewa ukifungua macho."

Mzee akazima indiketa. Nilimsikia akianza kuomba kwa sauti ya chini, macho kodo, na van ikaanza kupanda.

Sitaki kutia chumvi, ingawa najijua. Lakini moyo wangu ulipiga hivi kwamba shosho aligeuza kichwa akitafuta ngoma inatokea wapi. Mbele yetu lori la saruji lilikuwa likipanda kwa kukohoa. Nyuma yetu likaja jingine, la makontena, likatusogelea mpaka kioo cha nyuma kikajaa grili yake. Kulia, ukuta wa zege unaoigawa barabara. Kushoto, mtaro.

Namba zangu zilikuwa nzuri. Joto zuri, mafuta mazuri, turbo inajitahidi. Ila mstari mmoja ulianza kunitia shaka: kompyuta iliagiza upepo fulani, na turbo ikafika karibu tu, haifiki. Karibu, haifiki. Nikajiambia ni mlima.

"Fundi," shosho akaniita.

"Naam, shosho. Unaumwa?"

"Hapana. Hii kitu inavimba. Ama ni macho yangu ya dawa?"

Alikuwa ameinua pakiti ya krisps, vile viazi vikavu vya kukaanga, moja ya zile alizonunuliwa na binti yake pale hospitalini apelekee wajukuu. Nilipomsaidia kuziweka kando ya mto wake zilikuwa zimelegea. Sasa ile aliyoshika ilikuwa imetuna kama mpira, karatasi imekaza mpaka inang'aa.

"Ni hewa, shosho. Huku juu hewa ya nje ni nyepesi, kwa hivyo ile ya ndani inasukuma."

Nilisema hivyo kumtuliza, kama mtu anavyojibu kitu alichokariri darasani. Kisha maneno yangu mwenyewe yakanigonga. Nikateremsha orodha ya namba kwenye laptop, mpaka mstari ambao sikuwa nimeutazama tangu gereji, kwa sababu haukuwahi kunisumbua: shinikizo la hewa ya nje. Themanini na tatu. Nikangoja. Tukapanda kona nzima. Themanini na tatu. Pakiti ya krisps ilijua kwamba tumepanda, kompyuta haikujua. Pale Sachangwan ingetakiwa kusoma sabini na kitu.

Themanini na tatu ni hewa ya Nairobi. Ile injini ilitoka Nairobi, na kwa kompyuta yake dunia nzima ilikuwa Nairobi. Hapa Nakuru tofauti ni ndogo, Gilgil vilevile si kubwa, kwa hivyo nilipoiona namba ile gereji nilipita. Lakini mlimani ilikuwa ikiidai turbo upepo wa Nairobi katika hewa ya Molo. Turbo ikishindwa, inaandikiwa kosa. Makosa yakijaa, kompyuta inajihami: inakunyima nguvu mpaka uzime injini uwashe. Na mzee, kwa maombi yake, alikuwa akizima kabla makosa hayajajaa. Kila tulipoinamisha vichwa pamoja, tulikuwa tukifuta ushahidi.

Nikafungua mdomo niseme. Gari likalegea.

Halikushtuka wala kukohoa. Lilikata tamaa tu. Mzee alikanyaga mpaka mwisho na sauti ikabaki ile ile. Lori la saruji mbele likaanza kutuacha. La nyuma likapiga honi ndefu iliyotikisa kitanda cha shosho, naye akanishika mkono kwa vidole vikavu.

"Ndiyo hiyo," mwenyekiti akasema. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Mkono wa mzee ukaenda kwenye ufunguo.

"Usizime, mzee," nikasema. "Hapa tukizima yule wa nyuma atatuzoa. Itambaze mpaka pale mbele penye nafasi."

Tulitambaa. Mtu anayetembea kwa miguu kando ya barabara, akiwa na gunia la kabichi begani, alienda sambamba nasi, akatuangalia kwa huruma, kisha akatupita. Tulipofika kwenye nafasi, mzee akaegesha, lori la makontena likatupita kwa upepo uliolisukuma gari lote upande. Vijana wa kando ya barabara walikata matawi wakayaweka nyuma yetu kuwaonya wenye magari, kisha wakarudi mbali. Tangu lori la mafuta lilipolipuka pale na kuwaua waliokuja kuchota, watu hawakaribii gari lililosimama mpaka wajue limebeba nini.

"Injinia," mwenyekiti akasema bila kugeuka. "Tuombe tuende, ama unajua kitu?"

Nilijua mambo mawili. Tukiomba tukawasha, gari lingepanda, pengine mpaka kileleni, kisha lingelegea tena kwenye kilima kingine. Na nikigusa nilichotaka kugusa, huenda lisiwake kabisa, na shosho aliyeshonwa tumbo alale kando ya barabara ya malori katika mawingu yale.

"Najua kitu, mama. Sina hakika kitakubali."

"Gusa."

Nikalala chali chini ya dashibodi, miguu nje, nikaufuata waya wa hewa ya nje kwa vidole. Nilikuwa nikitarajia kukuta kipima-hewa, kidude cha ukubwa wa kiberiti. Nikakuta fundo la tepu nyeusi. Nikalichana kwa kisu. Ndani mlikuwa na kirezista, kidude kidogo kama punje ya mchele, kimeunganishwa waya kwa waya. Kazi yake moja tu: kuiambia kompyuta namba ile ile, usiku na mchana, bondeni na mlimani.

Nilitoka nikampa mwenyekiti kiganjani. Nikamweleza.

"Nani aliweka?"

"Waliotuuzia, nadhani, ama wa kabla yao. Kipima-hewa kilipotea, taa ya dashibodi ikawaka, mtu akataka izime."

"Na wewe hukuona?"

"Niliona namba, mama. Nakuru ilikaribia ukweli, nikaamini."

Akakigeuza kidude kile kwa kidole. "Hiki ndicho kinataka kuniuzisha gari?"

"Hicho."

"Sasa?"

"Nimekitoa. Kompyuta itajua kwamba haijui hewa ya nje. Ya aina hii ikikosa kujua, inatakiwa idhani iko mlimani sana na kuitisha upepo kidogo tu. Taa itawaka. Tutapanda pole pole."

"Inatakiwa?"

"Ndivyo nilivyosoma."

Mzee alikuwa ameshavua kofia. Safari hii hakuna aliyemkataza. Aliomba kwa ufupi, akamtaja shosho, akamtaja fundi, akavaa kofia, akazungusha ufunguo.

Injini ikazunguka bila kuwaka. Akaacha. Akazungusha tena, ikazunguka, ikazunguka, na betri nikaisikia ikianza kuchoka. Jasho lilinitoka lingejaza tenki la nyumba. Nyuma, shosho alianza wimbo wa kanisani kwa sauti nyembamba, akiruka maneno.

"Ngoja ipumue, mzee," nikasema. "Usikanyage kitu. Sasa."

Ikawaka. Kwanza kwa moshi mweusi, halafu ikatulia. Kwenye dashibodi taa ya rangi ya chungwa ikang'aa na kubaki.

Mzee akaingiza gia ya kwanza, akasubiri nafasi kati ya malori, akaingia barabarani. Ya pili. Niliung'ang'ania ule mstari kwa macho. Kompyuta iliagiza upepo kidogo, turbo ikafika. Ikaagiza, ikafika. Gari lilikuwa zito, halina haraka, lakini halikulegea. Kona moja. Nyingine. Kila mteremko ulipogeuka kupanda tena, mwenyekiti alishika dashibodi kana kwamba angelisukuma kutoka ndani.

"Hiyo taa inasema nini?" akauliza tulipochukua kona ya kuingia Molo.

"Inasema haijui iko wapi."

"Na inaenda tu?"

"Inaenda pole pole."

Akafikiri. "Hata mimi nisipojua njia hutembea hivyo."

Mlima wa mwisho ulikuwa wa murram, udongo usio na lami, umelowa, unaopandisha moja kwa moja mpaka lango la zahanati. Tulianza kwa gia ya pili, tukarudi ya kwanza. Magurudumu yakateleza, yakashika. Mzee alikuwa ameacha kuomba kwa maneno. Alikuwa akisema "haya, haya, haya" kama anayesukuma ng'ombe joshoni. Langoni, kwenye ukungu, alisimama mtu mmoja mwenye koti refu na futi ya kupimia mkononi. Alikuwa amekuja kuona yataingia magunia mangapi.

Mzee akasimamisha gari lakini hakuzima. Alibaki amekaa, mikono usukanini, akingoja. Alijua, kama mimi, kwamba kazi yake ilikuwa imesimama pale pale lilipo gari.

Mwenyekiti akashuka. Mtu wa viazi akamsogelea.

"Mama, lilifika sawasawa?"

"Lilisimama," mwenyekiti akasema.

Mzee aliinamisha macho. Mtu wa viazi akaanza kuikunjua futi.

"Lilisimama na mimi nilikuwa ndani," akaendelea, "na nimeonyeshwa kwa nini." Akanigeukia. "Hicho kipima-hewa kinapatikana?"

"Kinapatikana, mama."

"Ukikiweka, nitakuja Nakuru nipande nalo tena. Nitakaa mbele, hatutasimama popote, na hiyo taa isiwake. Mzee, wewe utaomba kabla tutoke gereji."

"Sawa, mama," mzee akasema, na sasa akazima injini.

"Na mimi?" mtu wa viazi akauliza. "Nimetoka mbali."

Mwenyekiti alikuwa tayari amefungua mlango wa nyuma. Shosho alikuwa ameketi nusu, pakiti za krisps kifuani, akitazama kama tumefika kweli. Nilishika pembe mbili za blanketi upande wa kichwa.

"Wewe shika upande wa miguu," mwenyekiti akamwambia. "Pole pole. Ameshonwa."

Akaitia futi mfukoni, akashika.